Diski mpya ya breki ya mbele: nimeipima siku ya kuifunga, nimeipima tena baada ya kilomita 4,000

Pikipiki hii ninayo mwaka wa sita, na breki ya mbele sikuwahi kuiwazia mpaka mwaka huu ilipoanza kunisukuma vidole. Nikipunguza mwendo, zile mita kumi za mwisho kabla ya kusimama, mkono wa breki unanisukuma, unalegea, unanisukuma, unalegea, sawasawa na tairi linavyozunguka. Nikiwa kasi siuhisi. Nikikaribia kusimama, huo hapo. Binti yangu ninayembeba nyuma kila asubuhi ndiye aliyeniambia kwanza: "Mama, mbona leo unakanyaga-kanyaga?" Nilikuwa sikanyagi kitu. Kofia yake ilikuwa inagonga mgongo wangu kwa mdundo uleule niliokuwa nauhisi vidoleni.

Ninachokuja kukieleza hapa ni diski niliyonunua kuchukua nafasi ya ile ya zamani, pamoja na kazi yote ya kuifunga, kwa sababu diski bila kazi ya kuifunga haina maana. Ni diski moja ya mbele, si ya kiwanda kilichounda pikipiki, ni ya kampuni nyingine ya vipuri vya breki. Pete ya nje ni chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 5. Katikati ni aluminiamu iliyopakwa rangi nyeusi. Pete na hicho kiini vimeunganishwa kwa vishikizo vya duara vyenye washa ya springi, ndiyo aina inayoitwa ya kuelea nusu. Nimenunua na pedi mpya za sinta, yaani za unga wa metali, zenye alama HH ambayo nitaieleza mbele. Nimeshatembea nayo kilomita 4,000 na kidogo, mvua na jua, peke yangu na nikiwa na abiria.

Kabla ya kununua nilikwenda kwa fundi. Alichukua venia, kile kipimo chenye taya mbili zinazoteleza, akaibana diski pembeni, akasoma.

"Dada, hii bado sana. Inasoma 4.9. Ukinunua mpya utakuwa umetupa hela."

"Na huu mdundo, fundi?"

"Pedi hizo. Au kama unataka, tuipeleke kwa mkereza aikwangue kidogo kwa mashine iwe bapa."

Sikumlaumu, na sasa hivi simlaumu, maana alichokisoma ndicho kilichokuwa pale. Ila mimi kazi yangu ni cherehani. Vitambaa viwili vinavyofanana machoni, vidole vyangu vinanitofautishia upi mzito na upi mwepesi. Nilipofika nyumbani nilipitisha ukucha kwenye uso wa diski kutoka katikati kwenda nje, taratibu, na karibu na mwisho ukucha ukakwama. Pale pana ukingo. Pedi haifiki mpaka pembeni kabisa mwa diski, kwa hiyo ule ukanda mwembamba wa nje haulikwi. Unabaki na unene wake wa zamani huku sehemu inayofanya kazi ikishuka chini yake mwaka hadi mwaka. Taya za venia ni ndefu na zimenyooka. Ukizibana kutoka nje zinakaa juu ya ukingo wa huku na ukingo wa huku, na kati ya taya na chuma kilicholika pamebaki hewa. Fundi alipima ukingo.

Nikaazima mikromita, ile ya milimita 0 hadi 25, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya milimita. Kichwa chake ni kidogo, unakiingiza ndani ya ukingo kikakaa penye njia ya pedi. Nilipima sehemu nane kuzunguka diski nzima, nikaziandika kwa chaki kwenye tairi, kila sehemu na namba yake. Ya juu kabisa ilikuwa 4.35. Ya chini kabisa 4.28. Kwenye kiini cha diski yenyewe, ukifuta vumbi, pamegongwa maandishi MIN TH 4.5. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Nilikuwa naendesha na mtoto nyuma juu ya diski iliyopita kikomo chake, na kipimo cha kwanza kilikuwa kimeniambia bado sana.

Asiye na mikromita anaweza kutumia venia hiyohiyo kwa kuweka washa mbili zinazolingana, moja kila upande, kwenye njia ya pedi, apime vyote kwa pamoja kisha atoe unene wa washa zote mbili. Inatosha kabisa kujua kama umepita kikomo.

Na ule mdundo umo humohumo kwenye namba. Tofauti ya 4.28 na 4.35 ni 0.07, unene wa karatasi nyembamba. Lakini pedi mbili zinaposhika diski, sehemu nene ikipita inazisukuma nyuma pistoni, vile vipipa vinavyozibana pedi, pistoni zinasukuma mafuta, mafuta yanausukuma mkono wa breki. Sehemu nyembamba ikipita, mkono unalegea. Tairi likizunguka mara moja unasukumwa mara moja. Watu wengi wakiuhisi husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, imelika bila usawa, au pedi imeacha tabaka lake hapa nene na pale jembamba.

Mkereza nilimkataa moja kwa moja. Diski iliyobaki na 4.28 wakati kikomo ni 4.5, ukiipitisha kwenye mashine ikawa bapa, umeifanya nyembamba zaidi. Mdundo utaondoka, hatari itaongezeka. Breki haipotezi mwendo, inaugeuza kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kukaa. Kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa kunazaa joto mara nne ya kusimama kutoka 40. Pete iliyokuwa 5.0 ikafika 4.3 imepoteza asilimia 14 ya chuma chake, kwa hiyo joto lilelile sasa linabanwa kwenye chuma kidogo, na chuma kinapanda moto haraka zaidi. Tena pistoni zinalazimika kutoka nje zaidi kuifuata diski, hasa pedi nazo zikiwa zimekwisha.

Basi, diski ilifika. Imefungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye mafuta ya kuzuia kutu, ndani ya boksi gumu, katikati imeshikiliwa na sponji isigongane na chochote. Hapo nawapa maksi zote, maana diski ya kuelea ikianguka kwa ubavu njiani unapokea kitu kilichokwisha kupinda. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipima kabla hata sijaisafisha: 5.01 mpaka 5.02 kila mahali. Tofauti ya sehemu moja ya mia ya milimita kuzunguka pete nzima. Nikaiweka juu ya kioo cha meza, haikucheza. Matundu yana midomo iliyolainishwa, hakuna mahali panapokwaruza kidole. Pana mshale wa mwelekeo wa kuzunguka, umechongwa, haukubandikwa karatasi, na huo uheshimiwe: upande usio wake diski isifungwe.

Nilipoitikisa ililia, kla kla, kwenye vishikizo. Nilishtuka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Pete inaachiwa nafasi ndogo ili ikipata moto itanuke bila kubanwa na kiini cha aluminiamu, kwa sababu metali hizo mbili hazitanuki kwa kiasi kimoja, na ili ijipange yenyewe katikati ya pedi. Ukikuta kishikizo kimekakamaa kabisa, hapo ndipo pa kuuliza.

Sasa manung'uniko yangu mawili. Bolti hazikuja. Boksi lina karatasi inayosema tumia bolti mpya, na bolti mpya hazimo. Kitabu cha pikipiki yangu nacho kinasema hivyo hivyo, kwa sababu bolti za kiwandani huja na gundi iliyokaushwa kwenye meno na kazi yake ni ya mara moja. Nilisubiri siku tano nyingine bolti sita zifike, pikipiki ikiwa imekaa. Waliotengeneza wangeweza kuandika nje ya boksi kwa herufi kubwa kwamba bolti hazimo, mtu akaagiza vyote siku moja. La pili, ile karatasi ni moja kwa pikipiki zote: haina nguvu ya kukaza, haina mpangilio wa kukaza, haina neno juu ya kusafisha habu, ile sehemu ya katikati ya tairi inayokaliwa na diski. Na kwenye habu ndiko nilikopata somo langu lote.

Kuzitoa bolti za zamani kulinila asubuhi nzima. Ni bolti sita za M8, kichwa chenye tundu la pembe sita la alenki, na gundi ya kiwandani imezishika kama zimezaliwa pale. Usianze kwa nguvu. Nilisafisha kwanza vile vitundu vya kichwa kwa msumari, maana vumbi la breki likijaa ndani alenki haiingii mpaka chini, inashika juu juu na kuchuna pembe. Kisha nikapasha moto kila bolti kwa kile kipulizio cha hewa moto cha kuondolea rangi, dakika mbili hivi, mpaka gundi ilegee. Nikagonga kichwa cha alenki mara tatu kwa nyundo ndipo nikazungusha. Zilitoka tano, kila moja kwa mlio mmoja mkali kisha laini. Ya sita pembe zilichunika. Mdogo wangu alikuwa amenishikia tairi.

"Dada, tuite mtu achome na welding."

"Subiri kwanza."

Nikachukua biti ya nyota iliyozidi kidogo lile tundu, nikaigonga mpaka ikajichimbia meno yake mwenyewe, nikapasha moto tena, nikazungusha. Ikatoka. Ndiyo maana nasema bolti mpya ziwepo kabla hujaanza: ya zamani ikiharibika hivyo huna pa kurudi.

Wakati wote huo tairi tuliliegemeza juu ya mbao mbili, lisilalie diski. Tairi lina uzito, na diski ikilaliwa inaweza kupinda siku hiyohiyo uliyoinunua.

Nikaifuta diski mpya kwa spreyi ya kusafishia breki mara mbili, kitambaa cheupe mpaka kikabaki cheupe. Nikaifuta habu. Nilidhani nimeifuta. Nikaweka diski, bolti mpya kwa mkono kwanza zote sita, kisha kwa mtindo wa nyota, moja na ya mkabala wake, kwa awamu tatu mpaka 23 Nm kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Hiyo 23 ni ya pikipiki yangu, imetoka kwenye kitabu chake. Asiichukue mtu mwingine kuwa yake.

Nikarudisha tairi, nikafunga geji ya saa kwenye shokapu. Geji ya saa ni kile kipimo chenye uso wa duara na sindano, kina kidole kinachogusa diski, na ukizungusha tairi sindano inakuonyesha diski inavyoyumba kushoto na kulia. Kitako chake kina sumaku, na sumaku haishiki aluminiamu ya shokapu, kwa hiyo nilikibana kwa klampu ya seremala na kipande cha ngozi katikati. Diski ikiwa ya kuelea unaisukuma kidogo upande mmoja wakati unasoma, la sivyo unapima ule mchezo wa vishikizo.

0.21.

Nikazungusha tena. 0.21. Kikomo cha kitabu changu ni 0.15. Diski mpya, iliyosoma vizuri juu ya kioo, ikifungwa inayumba kupita kikomo. Nakiri nilianza kuandika kichwani malalamiko ya kuwapelekea waliotengeneza. Na hapa ningeomba kila anayenunua diski yoyote, ya kampuni yoyote, afanye nilichofanya baada ya hapo kabla ya kuirudisha.

Nilitia alama ya chaki mahali sindano ilipopanda juu kabisa, alama moja kwenye diski na nyingine kwenye rimu, zinazotazamana. Nikaifungua diski, nikaizungusha tundu mbili mbele, nikaifunga tena kwa nguvu ileile na mtindo uleule. Hoja ni rahisi. Kama kosa ni la diski, mlima utahama na diski. Kama kosa ni la habu, mlima utabaki penye alama ya rimu. Nikazungusha tairi, jicho kwenye sindano. Mlima ulikuwa palepale pa rimu, haukusogea hata kidogo.

Nikafungua tena. Nikachukua kurunzi na kuilaza pembeni ya habu ili mwanga upite juu ya uso wake, kama ninavyolaza taa kwenye kitambaa cheusi nikitafuta uzi uliotoka. Kivuli kikajitokeza kando ya tundu la nne. Kulikuwa na gamba dogo, ukubwa wa nusu ya punje ya mchele, rangi ileile ya habu. Gundi ya zamani ilikuwa imesukumwa nje ya meno nilipotoa bolti kwa moto, ikamwagika mdomoni mwa tundu, ikapoa na kuwa ngumu. Macho hayakuiona, kidole changu kiliipita. Niliitoa kwa wembe wa cherehani, kipande kwa kipande, nikapitisha brashi ya shaba kwenye uso mzima, nikapitisha kijiti chenye spreyi ndani ya kila tundu. Nikakagua na upande wa nyuma wa diski mpya: pale rangi nyeusi ya kiini ilikuwa imejikusanya kidogo kwenye mdomo wa tundu mbili, nikaipunguza kwa msasa laini. Hiyo nayo naiandika kama dosari ya diski, ndogo lakini ni dosari. Sehemu inayokalia habu isingepakwa rangi kabisa.

Nikafunga. Nikazungusha. 0.06. Nakiri bolti zile mpya nilikuwa nimezifungua na kuzifunga tena mara mbili, ingawa gundi yake ni ya mara moja; hilo asiniige mtu.

Gamba la gundi lilikaa karibu na katikati ya tairi, na diski inaishia mbali zaidi kutoka katikati. Kosa dogo ndani linakuwa kubwa likifika nje, ndiyo maana kitu kisichoonekana kwa macho kilinipa 0.21 kwenye njia ya pedi. Na kama ningeliacha, kwa siku za mwanzo nisingehisi chochote. Diski inayoyumba hugusa pedi mahali palepale kila mzunguko hata usipoikamata breki, inajila pale polepole, na baada ya miezi kadhaa mdundo unarudi. Nina hakika kuna diski nyingi zinazosemwa mbaya ambazo ubaya wake ulikuwa chini yake.

Kwenye kalipa, ile kashi inayobeba pistoni na pedi, sikukawia. Pistoni nilizisugua kwanza kwa mswaki na maji ya sabuni kabla ya kuzirudisha ndani, kwa kuwa ule uchafu uliogandia ukirudi nao unakwenda kukwaruza sili. Diski mpya ni nene, pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni zinarudi mbali na mafuta ya breki yanapanda kwenye kikopo cha juu. Yangu ilibidi niyanyonye kwa bomba la sindano yasimwagike, maana mafuta hayo, aina ya DOT 4, yanakula rangi ya tangi. Ekseli ilipokazwa, kabla ya kukaza bolti za chini za shokapu, nilizikandamiza shokapu mara kadhaa zikae mahali pake.

Pedi za zamani nilizitupa ingawa zilikuwa na nusu ya maisha. Zilikuwa zimechorwa mifereji ya diski ya zamani, na ukiziweka juu ya uso mpya zinashika kwa vilima vyake tu na kuuchora uso huo kwa sura ya mzee wake. HH ni alama ya mshiko: herufi ya kwanza ni mshiko wa pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto, na H iko juu ya F na G. Sinta ni unga wa metali uliogandamizwa kwa moto, unashika vizuri kwenye maji, lakini uhakikishe diski yako imetengenezwa kwa ajili yake. Diski za chuma cha kalibu za pikipiki za zamani zinaliwa nayo haraka.

Halafu kuna jambo moja ambalo nalisema nikiwa nimesimama. Baada ya pistoni kurudishwa ndani, breki ya mbele haipo. Mkono unakwenda mpaka kwenye hendeli bila kukamata kitu. Kamua, kamua, kamua mpaka uwe mgumu, tena ukiwa bado hujawasha injini, kisha sukuma pikipiki kwa mkono ukamate usimame. Mdogo wangu alikuwa ameshapanda anataka kuijaribu. Nilimshusha.

Kuilainisha, yaani kuzizoeza pedi mpya na diski mpya, nilifanya kwenye barabara tupu asubuhi na mapema. Kutoka 60 kushuka mpaka 10, kwa mkono mwepesi mara za kwanza na mzito zaidi mara za mwisho, kumi na mbili kwa jumla, na kati ya kila moja natembea kidogo upepo upoze. Sikusimama kabisa hata mara moja huku nimekamata, kwa sababu diski ikiwa moto na pedi ikatulia mahali pamoja inaacha chapa yake hapo, na chapa hiyo ndiyo mwanzo wa mdundo mwingine. Kwenye mara tano za kwanza breki ilikuwa ya mbao, inakamata bila uhai, na kulikuwa na harufu kali. Kwenye ya nane nilihisi inabadilika chini ya vidole. Ya kumi na mbili ikawa inashuka kadiri ninavyoibana, sawasawa, bila kusita wala kuruka. Nilipoitazama uso ulikuwa na rangi ya kijivu iliyotanda pande zote bila doa.

Tangu hapo nimeitumia kila siku. Kwenye mvua kuna kama nusu sekunde ya kwanza ya kufuta maji kisha inashika, nusu ambayo kwenye diski ya zamani ilikuwa ndefu kiasi cha kunitia hofu. Mteremko mrefu nikiwa na abiria, mkono wa breki haujaanza kuingia ndani zaidi. Kelele ipo moja: nikisukuma pikipiki kwa mkono nasikia vishikizo vikilia, tik, tik. Sijaisikia nikiwa naendesha. Asiyependa mlio wowote achukue diski isiyoelea, kama pikipiki yake inaikubali.

Juzi nilitoa mikromita tena, sehemu nane zilezile, sasa nimezitia alama ya rangi kwenye rimu. Ya juu 5.00, ya chini 4.99. Geji ya saa 0.06, haijaongezeka. Binti yangu hajauliza tena kuhusu kukanyaga-kanyaga.

Diski ya zamani nilimpelekea fundi. Nilimpa na mikromita mkononi, nikamwonyesha mahali pa kuiweka, ndani ya ukingo. Akasoma, akafuta diski kwa shati lake, akasoma tena.

"4.3," alisema. "Mimi nilisoma ukingo, dada."

"Ndiyo, fundi."

Aliomba abaki na ile diski, akaitundika ukutani juu ya meza yake, na pembeni yake akaandika kwa chaki namba mbili, 4.9 na 4.3. Mikromita alinirudishia baada ya wiki, akiwa ameshanunua yake.

Ya nyuma nimeipima pia. Imebaki na milimita 0.2 juu ya kikomo. Ikifika nitanunua ya waliotengeneza hii ya mbele, na bolti nitaziagiza siku hiyohiyo.